Niple, bushi ya mafuta au beringi ya sili? Kulainisha uma wa pikipiki ya zamani

Egesha pikipiki kuukuu kwenye stendi ya katikati, shika ncha ya uma wa nyuma (ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma) pale ekseli inapopita, uutikise kushoto na kulia. Ukisikia mlio mdogo wa "tok", bushi, zile pete ambamo pini ya uma hucheza, zimeisha. Fungua shokapu, uinue uma na kuushusha kwa mkono. Ukikwama kama mlango wa stoo, ujue grisi ilishaondoka siku nyingi. Pikipiki yangu, ya Kijapani ya miaka ya 1970, ilikuwa na magonjwa yote mawili: imelegea na imekwama.

Hapo ndipo wengi wetu tunaofufua pikipiki za zamani Dar tunapokwama na sisi. Uirudishe kama ilivyotoka kiwandani, uitoboe uweke niple za grisi (vichwa vidogo vya kupitishia grisi kwa pampu), utie bushi zinazobeba mafuta yake zenyewe, au uende moja kwa moja kwenye beringi za sindano, zile zenye vyuma vyembamba kama sindano, zikiwa na sili, yaani mpira wa kuzuia maji na uchafu? Kila fundi utakayemuuliza atakupa jibu lake kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa. Nimejaribu mawili kati ya hayo kwa mkono wangu, na mengine mawili nimeyaona yakifungwa na yakifunguliwa. Nitayaweka yote kwenye mizani moja.

Kabla ya yote, hakikisha una tatizo lenyewe. Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, na jamaa zake wengi wa Kichina wanaobeba abiria mjini leo, wana bushi za mpira uliogandishwa kwenye bomba la chuma. Uma ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota. Hakuna chuma kinachosugua chuma, kwa hiyo hakuna cha kulainisha. Ukipaka grisi ya kawaida hapo unauvimbisha mpira na kuuoza. Zikiisha unang'oa, unashindilia mpya, basi. Kama yako ni hiyo, makala hii itakufaa kwenye sehemu nyingine za pikipiki, ila siyo kwenye uma.

Vigezo vyangu

Uma hauzunguki kama gurudumu. Unacheza nyuzi chache tu, juu na chini, siku zote mahali pale pale. Mzigo unakandamiza upande uleule wa bushi, grisi ya pale inasukumwa pembeni na hairudi. Gurudumu lingeirudisha kila linapozunguka, uma hauwezi. Ndiyo maana ninatazama mambo haya manne.

La kwanza ni maji na vumbi: vinaingiaje, na je, vikishaingia vina njia ya kutoka? Dar ina masika ya Machi hadi Mei, ina vuli, ina vumbi la njia za Goba na Chanika, na ukivuka kwenda Kigamboni kila siku una hewa ya chumvi. Ongeza vijana wa kuosha kwa mashine ya presha, ambao hulenga bomba pale pale penye sili kwa sababu ndipo penye uchafu mwingi.

La pili ni kazi ya kukereza: inahitaji fundi wa kiwango gani, na akikosea unapoteza nini? La tatu ni matunzo, yaani mkono wako mwenyewe. Usijiulize kitabu kinasema utie grisi kila baada ya kilomita ngapi, jiulize wewe kweli utaitia lini. La nne ni kurudi nyuma, maana tundu ukishalitoboa kwenye uma wa mwaka 1968 halifutiki.

Pesa nimeiacha nje kwa makusudi. Tofauti ya bei kati ya njia hizi ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kuishusha pikipiki yote mara ya pili.

Kuirudisha ilivyokuwa

Hapa unaweka bushi mpya za aina ileile, iwe ni shaba iliyochanganywa na bati, yaani bronzi, au ile plastiki ngumu ambayo Wajapani waliipenda miaka hiyo. Unapaka grisi kwa kidole, unafunga.

Maji na vumbi. Yataingia. Kinga uliyonayo ni vile vifuniko vya pembeni na mpira mwembamba wa duara, ambao kwenye pikipiki nyingi za umri huu umeshakauka kama ganda la korosho. Mpira mpya unabadilisha hali kuliko watu wanavyodhani, na ni kitu cha bei ndogo kabisa.

Kazi ya kukereza. Ndogo, lakini si sifuri. Bushi ya bronzi ikishashindiliwa ndani ya bomba lake hubanwa, na tundu lake hupungua. Kwa hiyo tundu humaliziwa baada ya kushindilia, kwa kipekecho (reamer) sahihi. Fundi anayelichonga likaitosha pini mezani, kisha akalishindilia kwa nyundo, atakupa uma unaogoma. Uwazi unaoutafuta kwenye pini ya milimita 14 hadi 16 ni kama milimita 0.03 hadi 0.06, na huwezi kuuona kwa macho.

Matunzo. Hapa ndipo pagumu. Kuongeza grisi maana yake ni kutoa gurudumu, kulegeza shokapu na kuchomoa pini. Mara moja kwa mwaka, tuseme baada ya masika, ni jambo linalowezekana. Ukiruka miaka miwili, pini inaanza kushikana na bushi, na siku ya kuitoa utahitaji nyundo kubwa na maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kurudi nyuma. Hakuna cha kurudisha. Pikipiki imebaki ilivyozaliwa, na anayejali uhalisi hana neno la kusema.

Inamfaa anayeendesha Jumapili na kwenye misafara, anayelaza pikipiki ndani, na anayefurahia kuifungua. Wapo watu wa namna hiyo, mimi ni mmojawao mwezi mmoja kati ya mitatu.

Kuongeza niple za grisi

Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi kwenye gereji zetu, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kichwa cha niple tunachokijua leo, kile kidogo chenye gololi ndani, kinatokana na kazi ya Oscar Zerk, hataza yake ilitoka Marekani mwaka 1929. Hakijabadilika sana tangu wakati huo kwa sababu hakina cha kubadilisha. Tatizo huwa ni mahali kinapowekwa.

Nieleze yaliyonikuta. Gereji ya kwanza niliyoipelekea uma wangu walitoboa tundu moja, katikati kabisa ya bomba, wakakata uzi, wakafunga niple. Ilipendeza. Nikakaa na pampu ya grisi, nikapiga na kupiga, karibu nusu kopo ikaingia. Nikajisifu. Masika yalipoisha uma ulikuwa unalia kama kitanda cha kamba. Nilipochomoa pini nikakuta katikati ya bomba pamejaa grisi ya manjano, safi kama siagi iliyotoka dukani. Bushi ya kulia ilikuwa kavu, na pembeni yake kulikuwa na unga wa kahawia mfano wa mdalasini. Unga huo ni kutu inayosagwa na chuma kinachotikisika bila mafuta.

Kati ya bushi mbili kuna bomba jembamba linalozitenganisha. Grisi ilikuwa inajaza chumba kilichopo kati ya hilo bomba na bomba kubwa la nje. Kwenye bushi haikufika hata punje.

Nikauchukua uma hadi mtaa wa Gerezani, kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza ambayo huenda inanizidi umri. Nikamweleza kwamba nataka niple kubwa zaidi, palepale katikati.

"Katikati unamlisha nani, kijana wangu?" akaniuliza, huku akipitisha kidole ndani ya bomba.

"Bushi, mzee wangu."

"Bushi ziko huku na huku. Mwenye njaa yuko chumbani, wewe sahani unaiacha sebuleni."

Alichofanya ndicho ninachokushauri ukidai kwa fundi wako. Niple mbili, kila moja juu ya bushi yake. Tundu lipite kwenye ukuta wa bomba na kwenye bushi hadi kwenye pini. Ndani ya bushi akachonga mfereji mwembamba wa kuzunguka, na mwingine unaokimbia kwa urefu lakini usiofika ukingoni, ili grisi isambae kabla ya kutafuta mlango. Niple aliyotumia ni ya uzi wa M6x1, ambayo tundu lake la kuanzia ni milimita 5. Kama bomba lako ni jembamba, uzi utashika mara mbili tatu tu na niple itang'oka siku pampu ikikaza. Hapo inabidi kichomelewe kitako kidogo nje ya bomba kabla ya kukereza ndani, kwa sababu joto la kuchomelea hulipinda.

Sasa vigezo vyetu.

Maji na vumbi. Hapa niple haina mpinzani. Grisi mpya inapoingia inaisukuma ya zamani nje pamoja na matope yaliyoingia nayo. Unaona kabisa: kwanza inatoka nyeusi, halafu ya kijivu, halafu rangi ya ile uliyotia. Hapo unaacha. Pampu ya mkono ina nguvu nyingi kuliko inavyoonekana, na ukiendelea kupiga unaitoa sili mahali pake na kujifungulia mlango wa maji. Pia futa kichwa cha niple kwa kitambaa kabla ya kushika pampu. Mchanga uliokaa juu ya gololi, ukiusukuma ndani, umejitengenezea msasa.

Kazi ya kukereza. Kubwa kuliko inavyofikiriwa, kama ulivyoona. Akikosea, unabaki na uma wenye tundu lisilo na kazi.

Matunzo. Dakika tano, bila kufungua kitu. Lakini niple haijipigi pampu yenyewe. Nimeona pikipiki zenye niple nne zinazong'aa na ndani mwake hakuna alama ya grisi tangu zilipofungwa. Kama huna pampu nyumbani, usijidanganye kwamba utapita kwa fundi kila mwezi.

Kurudi nyuma. Kugumu. Kuna njia ya upole: badala ya kutoboa uma, chonga pini mpya yenye tundu la katikati na matundu ya pembeni yanayotokea kwenye kila bushi, niple ikakaa kwenye kichwa cha pini. Pini ya asili unaiweka kabatini. Ila pini iliyotobolewa imepungua nguvu, hivyo itengenezwe kwa chuma kizuri, si kipande cha nondo, na tundu la katikati liwe dogo. Kwa pikipiki yenye thamani ya kihistoria mimi ningeenda njia hii bila kufikiri mara mbili.

Inamfaa anayeitumia pikipiki kweli, mvua na jua, na ambaye pampu ya grisi kwake ni kitu cha kawaida kama pampu ya tairi.

Bushi zinazobeba mafuta yake

Hizi zinatengenezwa kwa unga wa bronzi uliokandamizwa na kuchomwa hadi ukashikana, ukabaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Karibu sehemu moja ya tano ya ujazo wake ni mafuta. Ikipata joto inatoa jasho la mafuta, ikipoa inayanyonya tena. Ukitaka kujua kama unayouziwa ni ya kweli na si bronzi ya kawaida, dondoshea tone la mafuta juu yake. Kwenye ya kweli iliyokauka tone litazama taratibu, kwenye ya kawaida litabaki limekaa.

Maji na vumbi. Wastani. Bushi hii haina cha kusukuma uchafu nje, kwa hiyo inategemea mpira wa pembeni. Na kwa uma, ambao haupati joto wala hauzunguki, jasho lenyewe ni dogo. Imezaliwa kwa ajili ya shafti za feni na mota, si kwa mizigo mizito inayogongagonga.

Kazi ya kukereza. Hapa wengi wanaiua. Tundu lake la ndani halikwanguliwi wala halipekechwi kwa kisu butu, vitundu vinazibika na unabaki na pete ya shaba ya kawaida. Inashindiliwa kwa kipande cha chuma kilichong'arishwa, chenye kipimo cha pini pamoja na ule uwazi wake mdogo, ili ibane juu ya hicho kipande na kubaki na ukubwa sahihi. Kabla ya hapo iloweke kwenye mafuta ya injini ya SAE 30 yaliyopashwa moto kidogo, usiku kucha.

Matunzo. Karibu hakuna. Na usiisaidie kwa grisi: sabuni iliyomo kwenye grisi, ile inayoifanya iwe nzito, huziba vile vitundu. Tone la mafuta pembeni mara mojamoja linatosha.

Kurudi nyuma. Rahisi kabisa. Ing'oe, rudisha ya zamani, uma haujaguswa.

Inamfaa mwenye pikipiki nyepesi, anayeendesha lami kati ya Msasani na Posta, mwenye moyo wa kusahau. Mimi ningeitumia zaidi kwenye pedali ya breki na stendi kuliko kwenye uma.

Beringi za sindano zenye sili

Maji na vumbi. Nzuri sana mradi sili ni nzima. Sili ikichanika, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu maji yakiingia hayaonekani wala hayatoki.

Kazi ya kukereza. Ya juu kabisa. Sindano zinataka kukanyaga chuma kigumu chenye uso uliong'arishwa. Pini ya chuma cha kawaida itachimbwa mistari, kila sindano na wake, kwa kuwa uma hauzitembezi zikazunguka. Unahitaji bomba la ndani la chuma kilichofanywa kigumu, na bomba la uma lichongwe kwa kipimo kisicho na mzaha. Beringi hizi pia hazibebi msukumo wa pembeni, hivyo washa (pete bapa) za kando ni lazima.

Matunzo. Ukizijaza grisi vizuri siku ya kufunga, utazisahau kwa misimu kadhaa. Kurudi nyuma ni kugumu ikiwa bomba limepanuliwa.

Inamfaa mwenye mkereza anayemwamini na pikipiki inayokwenda mbali: Bagamoyo, Morogoro na kurudi.

Sehemu nyingine, kwa haraka

Usichukue jibu la uma ukalipeleka kila mahali. Kwenye gurudumu, ambako kitu kinazunguka kweli, beringi ya namba ileile yenye alama ya 2RS, yaani sili za mpira pande zote mbili, ni bora kabisa kuliko ile ya zamani isiyo na sili. Pikipiki kadhaa za Kiingereza zilikuwa na niple kwenye kitovu cha gurudumu, na watu wameishia kupiga pampu hadi grisi ikafika kwenye viatu vya breki. Ukitia 2RS, ziba hiyo niple au iache kama pambo. Niple ya kwenye kemu ya breki (kipande kinachopanua viatu vya breki) ni hatari vilevile: pampu moja, tena nusu. Waya za klachi zenye bomba la plastiki ndani hazitaki grisi kabisa, za zamani zenye chuma tupu zinataka mafuta mepesi.

Na grisi yenyewe? Hiyo ni sifongo ya sabuni iliyonyonya mafuta. Ya kalsiamu inavumilia maji vizuri lakini kalsiamu ya kawaida huanza kuyeyuka karibu nyuzi 100, ya lithiamu hufika karibu 180. Uma haupati moto, kwa hiyo anayevuka Kigamboni aitafute ya kalsiamu au ile ya boti. Kwenye kitovu chenye breki ya ngoma, tia ya lithiamu. Uzito wa namba 2 (alama ya NLGI 2 kwenye kopo) unafaa kote. Usichanganye aina mbili usizozijua, baadhi zikikutana hulainika zikatiririka kama uji.

Uchague vipi

Kama pikipiki ni ya maonyesho au ya urithi wa babu, usitoboe kitu. Bushi za asili, mpira mpya, grisi ya kidole kila baada ya masika. Kama unataka urahisi wa niple bila kuutoboa uma, chonga pini ya pili.

Kama unaendesha kila siku kwenye vumbi na maji, na pampu ya grisi unayo, niple mbili zenye mifereji, kila bushi na yake. Kama unaendesha kila siku ila unajijua hutagusa pampu, beringi za sindano ni bora kuliko niple zitakazokaa na njaa, mradi mkereza umempata. Hujampata? Bushi mpya za bronzi na ahadi ya kufungua mara moja kwa mwaka zitakufikisha mbali kuliko beringi iliyofungwa kwa kubahatisha.

Na kabla hujaagiza chochote, chomoa pini uipitishie ukucha kwa urefu wake. Ukucha ukikwama kwenye ukingo pale bushi ilipokaa, pini imelika, na hakuna bushi wala niple itakayokusaidia juu ya pini hiyo. Ifunge pamoja na uma, ipandishe bodaboda, uvipeleke vyote viwili kwa mkereza. Usimpelekee vipimo ulivyoandika nyuma ya risiti.